Watoto wanafurahi darasani, lakini madaftari yao ni matupu

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa darasa la awali katika shule ya msingi ya serikali iliyoko kijijini, mkoani Simiyu. Nimezaliwa na kukulia Tanga. Ajira ndiyo iliyonileta huku. Darasa langu lina watoto 93 walioandikishwa. Siku ya mnada hupungua, lakini siku ya kawaida hawakosi 80, wengi wao wa miaka mitano na sita, ingawa wamo pia wadogo zaidi wanaokuja wameshikwa mkono na dada zao kwa sababu nyumbani hakuna wa kuwaangalia. Madawati tuliyo nayo ni ya watoto wakubwa, kwa hiyo wengi hukaa kwenye mikeka.

Nilipokabidhiwa darasa hili nililikuta likifundishwa kwa namna moja tu. Mwalimu anaandika mstari wa silabi ubaoni, watoto wanaufuatisha kwa sauti, kisha wananakili kwenye madaftari mpaka kipindi kinakwisha. Watoto walikuwa wanasinzia, wanachokozana, na safari za chooni zilikuwa haziishi. Nikabadilisha. Nimetenga kona za ujifunzaji kwa vitu nilivyoviokota: kona ya hesabu ina kokoto, vijiti na magunzi ya mahindi, kona ya duka ina maboksi matupu ya sabuni na pakiti za chumvi, kona ya kufinyanga ina udongo wa mfinyanzi tunaouchota karibu na kisima. Tunaimba, tunasimuliana hadithi, na chini ya mti tunacheza mdako. Sasa hawasinzii, na wapo wanaofika shuleni kabla yangu.

Shida imeanzia kwa wazazi. Mama mmoja alikuja na daftari la mwanawe, akalifunua ukurasa mmoja mmoja mbele ya wenzake, akaniuliza: "Mwalimu, hili daftari nimelinunua mwezi wa kwanza, mbona bado jipya?" Wenzake wakacheka. Wengine wananilinganisha na shule binafsi ya mchepuo wa Kiingereza iliyoko mjini, ambako mtoto wa rika hilohilo anarudi nyumbani kila jioni na kazi ya kuandika. Kisha mwalimu mkuu, ambaye ni mtu mwema na amenisaidia mengi tangu nilipofika, aliniita ofisini. Alisema kelele za darasa langu zinawasumbua darasa la saba, na kwamba watoto hawa wakifika darasa la pili bila kujua kusoma ni yeye atakayeulizwa. Kuanzia muhula ujao anataka kila mtoto awe na kazi iliyosahihishwa kila siku. Akamalizia, nadhani kwa utani, kwamba darasa lisilo na fimbo ni soko.

Mshauri, nikisahihisha madaftari 80 kila siku, watoto nitawaacha na nani? Lakini si hilo tu. Mimi mwenyewe nina shaka ambayo sijamwambia mtu hapa shuleni. Mstari wa nyuma wanakaa watoto kama kumi na wawili ambao hawasemi. Wenzao wakicheka wanacheka, wakipiga makofi wanapiga, lakini nikiwauliza swali wanainamisha vichwa. Walimu wenzangu wanasema hao ni wazito, niwaache watakomaa. Nikiwatazama naogopa kwamba labda nimejenga mahali pa furaha na si mahali pa kujifunza.

Nimeandika barua ya kuomba kuhamishiwa darasa la tano, ila sijaikabidhi. Mume wangu, anayefanya kazi Mwanza, ananiambia nisigombane na mkuu wangu kwa ajili ya watoto wa watu. Mama yangu, ambaye naye alikuwa mwalimu, ananiambia nisirudi nyuma hata hatua moja. Nishike lipi?

Mwalimu wa Awali, Simiyu


Marahaba, mwalimu, na pole kwa kazi.

Niruhusu kwanza niyaseme uliyoyaandika kwa maneno yangu, nawe utanisahihisha. Una darasa ambalo limeamka. Una wazazi na mwalimu mkuu ambao hawana njia ya kuona kilichoamka ndani yake. Na una watoto kadhaa kwenye mstari wa nyuma ambao hata wewe huna hakika nao. Madaftari ndiyo yanayotajwa tena na tena, lakini nadhani ni hao watoto wa nyuma waliokufanya ushike kalamu, kwa hiyo nitaanza na wao.

Umeambiwa ni wazito. Kabla hujalipokea neno hilo, fikiri wanazungumza lugha gani wakiwa nyumbani. Wewe umekulia Tanga, ambako mtoto wa miaka mitano amekwisha kukisikia Kiswahili uani, dukani na madrasa. Mtoto wa kijijini Simiyu mara nyingi amezungumza Kisukuma peke yake tangu alipoanza kutamka, na pengine sauti ya kwanza kumsemesha Kiswahili mfululizo kwa asubuhi nzima ni yako. Unapomuuliza, "Zimebaki kokoto ngapi?", unampa kazi mbili kwa wakati mmoja: afumbue swali, kisha ahesabu. Mwenzake ambaye baba yake ana duka senta ana kazi moja tu, na huyo ndiye anayewahi kunyoosha mkono. Wimbo haumuumbui mtoto wa aina hii, kwa sababu anaweza kuufuata kwa kutazama midomo ya wenzake. Swali humwacha peke yake.

Kulijua hili hakuhitaji gharama. Mwombe mwanafunzi wa darasa la sita au la saba, mpole na asiyependa kuwacheka wadogo, akae na watatu kati ya hao kwenye kona ya hesabu, awaulize kwa Kisukuma maswali yaleyale unayouliza wewe. Wewe kaa pembeni, na badala ya kusikiliza, tazama vidole vyao. Mtoto akitenga kokoto nne alipoambiwa nne, akaongeza mbili na kuzihesabu zote tena kuanzia moja, hesabu anayo; kilichopungua ni Kiswahili cha kuisemea. Wapo watakaokaa kimya hata hapo, na hao wanataka uangalizi wa namna nyingine. Mwite mmoja kwa jina akiwa amekupa mgongo, uone kama atageuka. Mhamishe mbele karibu na ubao kwa siku kadhaa. Muulize mama yake kama amewahi kutokwa usaha masikioni. Wakati mwingine mtoto anayeitwa mzito ni mtoto asiyesikia vizuri au asiyeona ubao, na mahali pa kuanzia ni zahanati.

UNESCO ilipendekeza tangu 1953 kwamba mtoto aanze kufundishwa kwa lugha anayoijua. Sisi tumechagua Kiswahili kwa shule zetu za umma kwa sababu ambazo sote tunazielewa, na sikuombi uupindue utaratibu huo ukiwa darasani kwako. Lakini sioni itakavyoharibika kazi ukiwapokea kwa "mwangaluka" asubuhi, ukajifunza majina ya vitu vilivyomo kwenye kona zako, na ukamruhusu mtoto ajibu kwa Kisukuma kwanza kisha umpe jibu lilelile kwa Kiswahili alirudie. Bibi mmoja wa kijijini akialikwa kusimulia hadithi siku ya Ijumaa, utashangaa ni kina nani watakaokuwa wa kwanza kucheka, kabla ya kuwatazama wengine.

Sasa nije kwenye hofu yako, kwamba pengine umejenga furaha bila kujifunza. Naiheshimu sana hofu hiyo, na nisingependa kuifuta haraka kwa kukusifu. Ni kweli mtoto aliyechangamka anaweza kuwa hajifunzi kitu, kama ilivyo kweli kwamba mtoto aliyenyamaza akinakili anaweza kuwa hajifunzi kitu. Tathmini za mpango uitwao Uwezo, ambazo katika miaka ya 2010 zilipita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda kupima kusoma na kuhesabu, zilikuta mara kwa mara watoto wengi wa darasa la tatu wasioweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Sidhani kama madaftari ya watoto hao yalikuwa matupu. Kwa hiyo daftari lililojaa halitoi ushahidi ambao yule mama anaudhania, na makofi na vicheko navyo havitoi ushahidi ambao wewe unautamani. Kinachofaa kuulizwa kuhusu kila shughuli ni hiki: kichwa cha mtoto kinafanya nini wakati mikono na mdomo vinafanya kazi?

Chukua mfano wa silabi. Darasa zima linaweza kuimba "ba, be, bi, bo, bu" kwa sauti tamu huku nusu yao hawautazami ubao. Funika mstari huo kwa kitabu, uache "bo" peke yake, umwite mtoto mmoja. Akianza kunong'ona "ba, be, bi..." mpaka aifikie, bado anakumbuka wimbo. Akiisema papo hapo, ameanza kusoma. Jaribio hilo linakula muda mfupi sana, na ukiwajaribu watoto wachache kila siku utalimaliza darasa lako lote kabla muhula haujaisha.

Au chukua huo mdako wenu, mchezo ambao mimi naupenda kuliko vifaa vingi vinavyouzwa madukani. Mtoto anarusha kokoto moja juu, na kabla haijarudi mkononi anazikumba nyingine kutoka kishimoni. Anairusha tena, anazirudisha zote isipokuwa moja. Zikiwa zimetoka saba, lazima ajue kwamba zinarudi sita, na ajue kabla ile ya juu haijatua. Akikosea, wenzake watamgombeza kwa hesabu kamili. Hapo pana kutoa, pana kukadiria, pana kusubiri zamu na pana misuli midogo ya vidole inayojiandaa kushika penseli. Lakini somo litafika nusu tu usipochuchumaa kando ya kishimo na kuuliza: "Zilitoka ngapi? Umerudisha ngapi? Umejuaje?" Ukishauliza, nyamaza. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aligundua miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla ya kulijibu wenyewe au kumrukia mtoto mwingine, na kwamba wakisubiri sekunde tatu au zaidi, majibu hurefuka na watoto waliozoea kunyamaza huanza kusema. Kwa mtoto anayetafsiri kichwani, sekunde hizo ni nyingi kuliko tunavyodhani.

Kona ya duka nayo ina nafasi ambayo pengine hujaitumia. Weka hapo vipande vya karatasi na penseli butu, mwenye duka aandike madeni. Ataandika mikwaruzo mwanzoni, kisha mistari ya kuhesabia, kisha herufi ya kwanza ya jina la mteja. Maandishi ya aina hiyo yana sababu ya kuandikwa, na kwa bahati nzuri yanaweza kubandikwa kwenye daftari.

Hilo linanileta kwa yule mama. Nadhani ulimsikia kama mtu anayedharau kazi yako, na vicheko vya wenzake vilikuuma. Naomba umtazame tena. Hakuna aliyewahi kumkaribisha akae kwenye mkeka wako asubuhi moja. Kinachotoka shuleni kikafika nyumbani kwake ni daftari tu, na alilinunua kwa fedha yake, tena katika nchi ambayo tangu Januari 2016 imemwambia kwamba elimumsingi haina ada. Mwalimu mkuu naye yuko mahali pa namna hiyo. Yeye hupimwa kwa kusoma, kuandika na kuhesabu, stadi ambazo mtaala wa darasa la kwanza na la pili umezipa uzito wa pekee tangu 2015, na mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, akija hatakaa siku tatu kutazama watoto wakicheza duka. Sisemi kwamba wamekutendea sawa. Nasema tu kwamba pengine hawaupingi ufundishaji wako, pengine hawajauona.

Unazo njia kadhaa, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kutii kama ulivyoagizwa: kazi ya daftari kila siku kwa kila mtoto. Utapata amani ofisini. Lakini hesabu yako ni sahihi, madaftari 80 yatakula asubuhi yote, na wale kumi na wawili watapotea kabisa, kwa sababu kunakili ndiko maficho mazuri kuliko yote.

Unaweza kushikilia msimamo kama anavyotaka mama yako, na silaha unayo. Mtaala wa elimu ya awali umejengwa juu ya michezo na kona hizohizo. Tena unataka mwalimu mmoja awe na watoto 25. Ukiuweka mezani kwa mwalimu mkuu kama hukumu, utashinda hoja na huenda ukampoteza mtu ambaye umesema mwenyewe amekusaidia. Ukimwendea nao kama ombi, ukasema, "Mkuu, mtaala unasema 25, mimi nina 93, tufanyeje?", mazungumzo yatakuwa mengine, kwa kuwa hapo tatizo linakuwa lenu nyote wawili.

Njia ya kati ninayoiona ni kugawa. Kila siku kundi moja la watoto kama 19 liketi nawe kwa dakika chache za kalamu: jina, silabi mbili, mchoro wa hadithi na neno moja chini yake, na usahihishe hapohapo mtoto akikutazama. Wengine wawe kwenye kona chini ya uangalizi wa mtu mzima. Kila daftari litapata ukurasa mmoja wenye maana kila wiki, uwe na tarehe na neno lako. Hatari yake ipo wazi: huyo mtu mzima utamtoa wapi? Wazazi wa kujitolea hupatikana, lakini pamba ikianza kuvunwa hutawaona, na si haki kumlaumu anayekwenda shambani kwake. Kamati ya shule inaweza kuafiki posho ndogo au debe la mahindi, au isiafiki. Panga mapema ni shughuli zipi utaziacha msaidizi asipokuja, ili siku hiyo isikurudishe kwenye kunakili.

Usidhani kwamba uko peke yako katika kazi ya kuokota magunzi. Huko Mombasa, katika miaka ya 1980, ulianza mpango wa elimu ya awali ndani ya madrasa, ambao baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Akina mama wa mitaani walifundishwa ualimu, na vifaa vya darasani vikatengenezwa kwa vilivyopatikana nyumbani na ufukweni. Maria Montessori naye alianza Roma mwaka 1907 na makumi ya watoto wa mtaa wa maskini, na aliwapa vitu vya kushika kabla ya vitabu. Nawataja kwa sababu nao walifundisha kwa njia ambayo haionekani kwenye daftari.

Kuhusu fimbo, hata kama ulikuwa utani, kumbuka kwamba kanuni za 2002 zimeiweka adhabu ya viboko mikononi mwa mkuu wa shule au aliyemwidhinisha kwa maandishi, tena kwa makosa makubwa. Mtoto wa miaka mitano anayepiga kelele kwenye kona ya duka hajafika huko. Kelele zenyewe, hata hivyo, ni malalamiko halali ya darasa la saba. Mdako na nyimbo vihamie upande wa pili wa mti wakati wao wana vipindi vizito. Omba ratiba yao ubandike ukutani kwako.

Na barua ya kuhamia darasa la tano? Sitakuambia uichane wala uikabidhi. Mwalimu aliyechoka ana haki ya kupumzishwa, na mumeo hasemi ovyo anapoogopa kwamba unajiumiza. Ningependa tu ujiulize unakimbia nini hasa. Ukiwa umechoshwa na idadi, darasa la tano huenda likakupunguzia. Ukiwa umechoshwa na kutoonekana kwa kazi yako, hilo linaweza kukufuata hadi huko. Na kama ni wale kumi na wawili wanaokunyima usingizi, jaribu kwanza lile zoezi la Kisukuma, kisha uone kama bado unataka kuondoka.

Kabla ya hapo liko jambo moja dogo la kufanya. Omba nafasi kwenye mkutano ujao wa wazazi, nusu saa tu, na usiitumie kuhutubia. Waweke wazazi watano kwenye mkeka na kokoto, watoto wao wawafundishe mdako huku wakihesabu kwa sauti, kisha mtoto mmoja asome silabi moja iliyoachwa wazi huku nyingine zimefunikwa, mbele ya yule mama mwenye daftari, na ikiwezekana awe mwanawe. Mshirikishe mwalimu mkuu aifungue yeye, ili ionekane ni kazi ya shule. Ombi lako lifike kwenye kamati kabla ajenda haijapangwa, na usisitize muwe wa kwanza, maana mjadala wa michango ya chakula ukishaanza hapo hakuna atakayewasikiliza tena.